Chungu cha Kichina kipikwe nyumbani, mkaa ubaki nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukurasa wa mapishi wa Jumamosi iliyopita, ule uliofundisha namna ya kuandaa chungu cha Kichina nyumbani. Nimefurahi kwamba mmekiandika, maana ni chakula ninachokipenda na ninachokipika. Ila kuna sentensi moja pale iliyoninyima usingizi. Mwandishi wenu amewaambia wasomaji waweke jiko la mkaa katikati ya meza ya sebuleni, chungu juu yake, watu wakae kulizunguka. Kuhusu madirisha hakusema neno.

Mimi ni mama lishe. Huu ni mwaka wa 24 nauza chakula Buguruni: supu na chapati asubuhi, wali maharage na ugali samaki mchana. Mkaa ndio ulionisomeshea watoto, kwa hiyo siandiki kama mtu anayeuogopa. Naandika kwa sababu maelekezo yale niliwahi kuyafuata mimi mwenyewe, miaka kadhaa kabla yenu, na nusura yanichukulie mjukuu.

Chungu hiki nilifundishwa na Mchina. Mwaka 2014 nilikuwa napeleka chakula cha mchana kwa vibarua wa kambi moja ya ujenzi wa barabara, nje kidogo ya mji. Wachina wa kambi ile walikuwa na mpishi wao, mtu mzima, kichwani kofia nyeupe kama ya baba zetu wakienda msikitini. Na kweli alikuwa Mwislamu, Mhui, yaani mtu wa kabila la Wachina Waislamu, kutoka Ningxia, kaskazini mwa China, na kila Ijumaa aliongozana na vijana wetu kwenda kuswali. Vijana wa saiti walimwita Shehe. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu: moto, maji, chumvi, bado, tayari. Kwa mapishi, kilitutosha.

Nalitaja hili la dini kwa makusudi. Majirani zangu wengi wakisikia chakula cha Kichina, swali la kwanza ni nguruwe. Chungu alichonifundisha Shehe ni cha nyama ya kondoo, na kwa Wahui ni chakula cha heshima. Alipenda sana kunitajia mkahawa wa Donglaishun wa kule Beijing, ulioanzishwa mwaka 1903 na Mhui kama yeye, na alilitamka jina lile kama mtu anayemtaja babu yake.

Kwa Kichina chakula hiki kinaitwa huoguo: huo ni moto, guo ni chungu. Unachemsha mchuzi mezani, pembeni unapanga nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, mboga na tambi, kila mtu anachovya anachokitaka, kinaiva mbele ya macho yake, anakula. Wenyewe wana namna nyingi. Watu wa Sichuan na Chongqing wanapenda mchuzi mwekundu wa mafuta ya ng'ombe, pilipili kavu na huajiao, punje ndogo zinazotia ganzi ulimi. Huajiao hata si pilipili. Mti wake ni wa ukoo mmoja na ndimu na machungwa, na ukiisugua punje yake kwenye kiganja utaisikia harufu ya ganda la chungwa. Guangdong wanapenda vitu vya baharini. Shehe alikuwa mtu wa kaskazini, na chungu chake kilikuwa maji, tangawizi, vitunguu vya majani, kondoo, na bakuli la ufuta uliosagwa. Basi.

Kile chungu cha shaba chenye bomba katikati, ambalo ndani yake huwekwa mkaa, ni cha watu wa Beijing. Nadhani mwandishi wenu aliiona picha yake ndipo akafikia kwenye jiko la mkaa. Shehe alikuwa nacho kimoja. Lakini alikiwasha nje, chini ya turubai, pande zote wazi, hata siku za mvua ambapo sote tulitamani kuingia kwenye kontena. Mimi nililichukulia kama mazoea yake tu. Sikumuuliza, na laiti ningemuuliza.

Aprili 2019, masika imekolea. Kaka yangu na wifi wamekuja kutoka Morogoro, nyumba ina watu tisa, umeme umekatika tangu alasiri. Nilikuwa nimeshaahidi chungu. Nikawasha mkaa uani, nikasubiri ukolee, moshi uishe kabisa, vipande viwe vyekundu na majivu meupe juu, kama nifanyavyo kila siku ya Mungu. Ndipo nikaliingiza jiko sebuleni. Mlango tumeufunga kwa sababu ya mvua, madirisha kwa sababu ya mbu. Tukala saa nzima kwa raha.

Kisha mjukuu wangu, wakati huo ana miaka saba, akalaza shavu mezani. "Bibi, kichwa kinauma." Nikamwambia ni usingizi. Wifi akainuka kwenda kutapika, tukasema ni pilipili. Mimi nilipotaka kusimama kuongeza maji, miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Nikasema ni uchovu, nimeamka saa kumi alfajiri. Kila mmoja alijipatia sababu yake, na jiko likaendelea kuwaka katikati yetu.

Aliyetuokoa ni jirani, nesi, ambaye alikuja kuazima mshumaa. Alisimama mlangoni, akalitazama jiko, akayatazama madirisha. Hata salamu hakutoa. "Mama, toeni watoto nje, wote, sasa hivi!" Mjukuu alimbeba yeye mwenyewe, akamkalisha barazani kwenye upepo wa mvua, akaanza kumpiga vibao vidogo miguuni huku akimwita jina. Usiku uleule tulimkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Kesho yake jioni alirudi nyumbani mzima. Sisi wengine tulikaa siku mbili na vichwa vinavyogonga.

Yule nesi baadaye alikaa nami akanieleza, na maneno yake ndiyo nayataka yawafikie wasomaji wenu. Mkaa unapoungua hutoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inashika damu pale ambapo oksijeni ingeshika, tena inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, yaani mambo ambayo mtu yeyote hapa mjini anaweza kuyasingizia njaa, joto au malaria. Sisi wapishi kosa letu ni moja: tunaogopa moshi. Mkaa ukishakolea tunasema sasa hauna neno. Kumbe moshi ndio uliokuwa unakufukuza. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa gesi ileile, na sasa hakuna kinachokufanya ukohoe ukatoka nje.

Ndugu Mhariri, gazeti lako limeandika mara nyingi, tena kurasa za mbele, kuhusu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Haiwezekani ukurasa wa mapishi wa gazeti hilohilo umwambie mama wa Mbagala aingize mkaa sebuleni.

Sasa, mtu asije akaacha kupika chungu kwa sababu yangu. Mimi sikuacha. Nimebadilisha moto tu.

Natumia raiskuka, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali. Watu hawajui kwamba inafaa. Chini yake kuna kifaa kinachohisi joto. Maji yakiwa bado yamo, sufuria haiwezi kupanda zaidi ya nyuzi 100, kwa hiyo swichi haishuki, inaendelea kuchemsha. Inajizima maji yakikauka, kama inavyojua wali umeiva. Ukiacha mfuniko wazi na ukawa unaongeza mchuzi wa moto, inachemka mezani saa mbili bila shida. Yangu ya lita tatu inatosha watu watano. Tukiwa wengi naazima ya jirani, moja inakuwa na pilipili, nyingine ya watoto na wazee. Wachina nao wana chungu kilichogawanywa katikati kwa ajili hiyohiyo. Wanakiita yuanyang, jina la bata wale wa kwao ambao dume na jike huogelea pamoja. Meza isogezwe ukutani karibu na soketi ili waya usikatize njia, maana mtoto akiuvuta, mchuzi wa moto wote ni wake.

Gesi pia inafaa, ila iangaliwe. Mtungi wa kilo sita wenye jiko juu yake ukiuweka mezani ni mrefu mno, kiwiko kimoja tu unaanguka. Majiko madogo ya kopo la gesi ni mafupi na mazuri, lakini chungu kisiwe kipana hadi kufunika sehemu ya kopo, kwa sababu kopo likipata joto linaweza kulipuka. Na dirisha liwe wazi, mbu wavumiliwe.

Mwandishi wenu amesema pia kwamba chakula hiki ni cha wenye uwezo. Hilo nalikataa. Mara ya mwisho tulikuwa tisa, na daftari langu lasema hivi: steki ya ng'ombe kilo moja na nusu, shilingi 19,500, mifupa ya supu, 8,000, mboga za majani, malenge na viazi vitamu, 4,000, uyoga, 3,500, tambi, 3,000. Jumla 38,000. Tangawizi, vitunguu swaumu, ufuta na sosi ya soya vilikuwemo ndani. Kondoo nampika sikukuu tu. Siku nyingine ng'ombe anatosha, na nikiamka mapema naenda Feri kutafuta ngisi na kamba wachache.

Mifupa naichemsha usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa muda wa saa nne, kwa moto mdogo, na tangawizi iliyopondwa, kitunguu swaumu kizima na kipande kimoja cha mdalasini. Povu la mwanzo lazima litolewe lote, la sivyo mchuzi unakuwa wa kijivu na unanuka bucha. Chumvi naweka kidogo sana, kwa kuwa mchuzi utapungua mezani na kuzidi kukolea. Ule wa pilipili namimina mafuta kwenye kikaango, nakaanga pilipili kavu na vitunguu swaumu taratibu mpaka mafuta yawe mekundu, kisha naongeza kwenye mchuzi. Huajiao nikiipata kwenye maduka ya Wachina naweka kijiko kimoja cha chai. Nisipoipata, sijali.

Nyama ndiyo kazi. Nyama ya chungu inatakiwa kuwa nyembamba kiasi kwamba ukiiinua unaona kivuli cha vidole vyako nyuma yake, na nyama laini ya kutoka buchani haikubali kukatwa hivyo. Inateleza, inakimbia kisu. Shehe alinionyesha: unaisokota kwenye mfuko wa nailoni iwe kama gogo, unaiweka kwenye friza saa moja au mbili, mpaka iwe ngumu nje lakini kisu kinapita. Kisha unakata kinyume na nyuzi zake. Kisu kiwe kimenolewa asubuhi hiyo. Vipande vinajikunja vyenyewe kama maranda ya fundi seremala, navipanga kwenye sinia na kulirudisha kwenye friji mpaka wageni wakae. Kipande cha namna hiyo kinaiva kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Ukiona wekundu umekwisha, kitoe, usikiache kikawa raba.

Kuku sifanyi naye haraka hiyo. Namkata vidogo na anakaa dakika kadhaa, mpaka nikipasua kipande ndani kuwe kweupe. Utumbo wa kwetu nauchemsha kabla hadi ulainike. Muhogo uive kwanza jikoni, usiingie mbichi. Na jambo ambalo ukurasa wenu haukuligusa kabisa: kifaa kinachoshika nyama mbichi kisiende mdomoni. Mezani kwangu kuna koleo mbili zenye utepe mwekundu kwenye mpini, hizo ni za vibichi. Za kuopolea hazina utepe. Watoto wameshika utaratibu huo kuliko wakubwa, na kaka yangu ameshakemewa na mtoto wa miaka mitano.

Mboga ndiyo furaha ya Dar es Salaam. Ile tunayoiita chainizi, inayouzwa kwa mafungu pale Buguruni na Kariakoo pamoja na mchicha na matembele, kwenye chungu hiki iko kwao. Marehemu baba yangu alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, uliokwenda kuanzia 1970 hadi 1975, na alikuwa akitusimulia kwamba mafundi wa Kichina walilima bustani za mboga kandokando ya kambi kabla hata ya kumaliza kupanga vitanda vyao. Kila ninapochovya chainizi namkumbuka.

Ufuta nao una safari yake. Unalimwa Lindi na Mtwara, na mwingi wake unanunuliwa na China. Mimi naukaanga kwenye kikaango kikavu hadi unaanza kurukaruka, nausaga na mafuta kidogo, naongeza sosi ya soya, ndimu, kitunguu swaumu na giligilani. Ukikosa ufuta, siagi ya karanga inafanya kazi, ila ichanganywe na mchuzi wa moto ilainike. Kila mtu ana kibakuli chake.

Nikisema nakipenda chakula hiki sisemi kwa ladha peke yake. Sinia la pilau nalipenda na nimelelewa nalo, lakini kwenye sinia mkono mwepesi unakula zaidi, na mwenye meno mabovu anabaki kuokota. Mama mkwe wangu ana miaka 81. Meno yamembakia machache, na kwa muda mrefu alikuwa amejitenga. Tukiandika meza, yeye anaomba uji wake aletewe chumbani, anasema tusimsubiri. Aliona aibu kutafuna taratibu mbele za watu. Siku ya kwanza tulipopika chungu kwenye raiskuka nilimwita akae tu aangalie. Akakaa. Akaweka kipande cha malenge, akakisahau makusudi mpaka kikawa laini kabisa, akakila. Akaweka nyama moja nyembamba, ikamshinda nguvu kidogo, akaikata kwa kijiko. Akaweka tambi. Hapakuwa na aliyemaliza kabla yake, kwa sababu kwenye chungu hakuna anayemaliza. Ukiongeza vitu vibichi mchuzi unatulia, na wote, mwenye njaa na asiye na njaa, mnasubiri uchemke tena. Katika kusubiri huko akaanza kutusimulia harusi yake ya Kisarawe, mwaka ambao mvua ilibomoa daraja na bwana harusi akavushwa mtoni mgongoni kwa watu. Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajawahi kuisikia habari ile.

Tangu siku hiyo uji wa chumbani umekwisha, angalau siku za chungu, na yeye ndiye anayeuliza Jumapili hii ni ng'ombe au ngisi.

Ndiyo maana sitaki watu wasome ukurasa ule, wapate maafa usiku wa mvua, halafu tuanze kuambiana kwamba chakula cha Wachina ni hatari. Naomba sahihisho litoke Jumamosi hii, ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile za mapishi, liseme kwamba jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata likiwa limekolea, hata kwa dakika chache, na kwamba mtu akiumwa kichwa au kutapika karibu na mkaa atolewe nje kwanza, sababu itafutwe baadaye. Masika haiko mbali, na nyumba nyingi zitakuwa zimefungwa madirisha.

Mama lishe,
Buguruni, Dar es Salaam